Chai kuukuu ya Uchina: Mali kwa wachache, kilio kwa wengi

KWA mkulima wa Kericho au Nyeri, chai iliyolala ghalani ni hasara. Harufu na ladha yake hufifia kadiri miezi inavyopita, ndiposa wauzaji huharakisha kuifikisha mnadani Mombasa. Lakini katika mkoa wa Yunnan, kusini magharibi mwa Uchina, ipo chai ambayo hupanda bei kadiri inavyozeeka.

Chai hiyo ni Pu'er. Ajabu ni kwamba mmea wake hauko mbali na ule unaokuzwa Kenya, kwani yote miwili ni ya aina ya majani mapana ambayo wataalamu huiita assamica. Tofauti imo katika matayarisho. Majani ya Pu'er hukaangwa kidogo, yakasokotwa na kuanikwa juani, kisha hutiwa mvuke na kushindiliwa hadi yakawa keki bapa ya mviringo, ambayo uzani wake wa kawaida ni gramu 357. Keki saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mwanzi. Hapo safari ndiyo huanza, kwani majani huendelea kubadilika kwa miaka mingi, ukali ukipungua na rangi ikigeuka kutoka kijani hadi hudhurungi.

Wasio na subira walipata njia ya mkato mwaka wa 1973, kiwanda kimoja mjini Kunming kilipobuni mbinu ya kurundika majani yaliyoloweshwa ili yachachuke kwa muda wa majuma tu. Chai hiyo hunywewa na wengi, ila wakusanyaji huthamini zaidi ile iliyozeeka yenyewe.

Hong Kong ndiko shehena kubwa zilikowekwa, wala si kwa nia ya uwekezaji; zilikuwa akiba ya mikahawa. Katika miaka ya tisini wakusanyaji kutoka Taiwan walianza kuzisaka, na bei ikapaa. Homa hiyo ikaambukiza Uchina bara. Kufikia mapema 2007, watu wasiokuwa na haja ya kunywa chai walikuwa wakinunua Pu'er mpya kabisa kwa matumaini ya kuiuza ghali baadaye. Mwaka huo huo mji wa Simao ulibadilishwa jina ukaitwa Pu'er.

Kisha bei ikaporomoka, tena mwaka huo huo. Madalali waliokopa walibaki na maghala yaliyojaa mali isiyo na mnunuzi. Katika wilaya ya Menghai wafanyabiashara wengi walifunga milango, na baadhi ya wakulima waliong'ang'ania kupanda chai wakarejelea mahindi na mpunga.

Kosa lao halikuwa gumu kulitambua. Keki za zamani zilikuwa ghali kwa sababu nyingi zilikwisha kunywewa, zikabaki chache. Keki za 2007 zilihifadhiwa na kila mtu. Uhaba ungetoka wapi?

Hata kwa mnunuzi mwangalifu, mitego haikosi. Kila mchanganyiko wa kiwanda una nambari. Mathalani 7542: tarakimu mbili za kwanza ni mwaka wa kubuniwa kwake, yaani 1975, ya tatu ni daraja la majani, na ya nne ni kiwanda, hapa kile cha Menghai. Wageni wengi hudhani 75 ni mwaka wa kutengenezwa, wakalipia uzee usiokuwapo. Karatasi za kufungia nazo huigizwa kwa ustadi. Isitoshe, ghala lenye unyevu kupita kiasi huotesha ukungu, nalo lililo kavu mno huifanya chai idumae. Na chai iliyowekwa karibu na viungo au sabuni hunyonya harufu hizo.

Njia ya hakika ya kujua kilichomo ni kuimega keki na kuinywa. Hata hivyo, katika masoko kama lile la Fangcun mjini Guangzhou, kasha ambalo halijafunguliwa tangu litoke kiwandani huuzwa kwa bei ya juu kuliko lililofunguliwa. Hivyo mwenye kasha huliuza bila kulionja, na anayelinunua hulihifadhi vivyo hivyo.