Chetezo cha Bibi

Mwenzetu mmoja mezani alitaka bibi yake asiingie pangoni. Bibi huyo ni mhusika wake katika mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, mchawi mzee ambaye magoti yake yamechoka. Ombi lilikuwa jepesi kulisema: bibi abaki nje amekaa kwenye gogo, uchawi wake uingie ndani na wenzake. Kwa ngazi aliyokuwa nayo, kitabu cha kanuni hakikumpa njia. "Basi tutunge yetu," akaniambia. Mimi ndiye mwendesha mchezo, nikakubali palepale bila kufikiri vya kutosha.

Niseme mapema kwamba mchawi wa mchezo huu si yule tunayemwogopa usiku. Ni mtu wa kitabu, anasoma, anahifadhi, anachoka. Na kujitungia kanuni ni jadi ya mchezo wenyewe tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974 katika vijitabu vitatu vyembamba. Yaliyopungua humo wachezaji walijijazia.

Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa hivi: bibi anatia alama kwenye jiwe, kisha anaweza kurusha uchawi wowote kutoka lilipo jiwe hilo, hata likiwa futi 300 kutoka kwake, huku akiona na kusikia kila kitu. Jumamosi ile ile jiwe likatupwa kwenye chumba cha majambazi. Bibi, hajainuka kwenye gogo, akapitisha mpira wa moto: dadu 8 za pande 6, moto unaoenea futi 20 kila upande. Majambazi walitafuta wa kumpiga, wasimwone. Pambano nililoliandaa kwa saa nzima liliisha kwa mizunguko miwili, na mzunguko mmoja katika hadithi ni sekunde 6 tu. Wenzake watatu walibaki wameshika dadu zao mikononi.

Nilidhani nguvu ndiyo imezidi, nikapunguza dadu. Wiki iliyofuata mambo yakawa yale yale, ila polepole. Hapo ndipo nilipoona kwamba kilichokosekana ni hofu. Bibi alikuwa hana cha kupoteza, na wenzake walikuwa hawana cha kumfanyia.

Nikarudi vitabuni kutazama wabunifu wa toleo la tano, la mwaka 2014, wanautoza nini uchawi unaosafiri. Mnyama msaidizi wa mchawi anaweza kumpelekea uchawi wa kugusa tu, akiwa ndani ya futi 100, na mchawi akitaka kuona kwa macho ya mnyama huyo, yake mwenyewe yanazimika na masikio pia. Kuhani wa mungu wa hila hutoa kivuli chake na kurusha uchawi kutoka kilipo, lakini lazima atumie macho yake mwenyewe, kwa hiyo kukipeleka nyuma ya ukuta hakumfai sana. Mwaka 2020, kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything kilileta wachawi waandishi, ambao roho ya kitabu chao hutoka na kuelea, ikiona gizani na kupitisha uchawi. Hiyo ndiyo iliyokaribiana zaidi na ombi letu. Lakini hesabu yake ina kikomo: mchawi wa ngazi ya 6 anapata mara 3 kwa siku. Tena roho hiyo inang'aa, adui anaiona ikija.

Iliyonifumbua macho kabisa ni kanuni ya alama ya ulinzi. Unaweza kuficha uchawi ndani ya kitu, ulipuke baadaye, ila kitu hicho kikisogezwa zaidi ya futi 10 alama inavunjika bila kufanya lolote. Aliyeandika sentensi ile ni kama alikuwa ameliona jiwe letu.

Kisha kuna uchawi wa kumchungulia mtu aliye mbali. Ukiwa na unywele wake au kipande cha ukucha, yule anayechunguliwa hupunguziwa pointi 10 katika kujikinga. Aliyelelewa Uswahilini hahitaji kuelezwa sababu. Tangu utotoni tumeambiwa tusiache nywele ovyo. Umbali unahitaji kiungo, na kiungo kiko mikononi mwa mtu.

Kutoka hapo tukaunda chetezo: cha udongo, chenye makaa na ubani, na lazima mwenzake bibi akibebe kwa hiari yake. Mkono mmoja unakwenda kwenye chetezo, kwa hiyo ngao inabaki nje. Bibi yuko ndani ya futi 120, anasikia kupitia moshi lakini haoni. Mbebaji ndiye macho yake, na kanuni inamlazimisha aseme kwa sauti anachokiona. Asichokisema, bibi hawezi kukilenga. Mara 3 kwa siku, basi. Mchawi wa upande wa pili akiuona moshi anaruhusiwa kuupinga uchawi wa bibi kana kwamba anamwona mwenyewe, maana bila hivyo umbali ungekuwa ngao isiyotoboka. Chetezo kikivunjwa, maumivu yaliyompata mbebaji yanampata na bibi.

Meza ilibadilika. Askari kijana aliacha ngao mlangoni, akaingia na moshi mkononi. "Wawili kushoto, bibi. Mmoja yuko nyuma ya nguzo, ana upinde." Mchezaji wa bibi alifumba macho kusikiliza, jambo ambalo sikumwagiza. Mwizi wetu, ambaye kazi yake ni kujificha, safari hii alisimama mbele ya askari kumkinga mkono wa chetezo.

Uchawi wa kwanza ulipita, na wa pili. Kabla ya wa tatu mshale ukaja, nikarusha dadu mbele ya wote: chetezo kikapasuka, askari akaanguka, uhai sifuri. Bibi akapata maumivu yale yale pale kwenye gogo, na moshi ukakatika, asisikie tena kinachoendelea ndani.

Nikamuuliza mchezaji wake anafanya nini katika zamu yake. Akanyamaza kidogo, akaichukua sanamu ndogo ya bibi, iliyokuwa pembeni mwa ramani tangu tulipoanza safari ile, akaiweka kwenye mlango wa pango.

"Anainuka," akasema. "Anaingia."