Msumeno wa Kariakoo ukipanda Njombe: Kabureta isiporekebishwa, mtaji hupotea

UKITEMBEA kutoka Posta kuelekea Gerezani na mitaa ya Kariakoo, majengo ya ofisi hubadilika taratibu na kuwa maduka ya vipuri, pampu za maji, jenereta na mashine za shambani. Miongoni mwa bidhaa hizo ni misumeno midogo ya mnyororo, ambayo mafundi wengi huiita chensoo.

Wanunuzi wake ni watu wa aina nyingi. Wapo wanaopogoa miti ya vivuli katika viwanja vya Posta na Upanga, wapo wenye mikorosho na miembe Mkuranga, na wapo wanaoipakia kwenye mabasi ya mikoani hadi Mufindi na Njombe, kwenye mashamba ya misindano.

Kwa wengi wao, msumeno huo ndio mtaji wote. Ukifa, kazi imekufa.

Hata hivyo, misumeno mingi midogo haifi kwa uzee. Huuawa na marekebisho yasiyo sahihi, na mara nyingi marekebisho hayo hufanywa kwa nia njema ya kuiongezea nguvu.

Skrubu tatu zenye hatima ya injini

Injini ya msumeno mdogo haina sampu ya oili kama injini ya gari. Oili inayolainisha pistoni, ringi na beringi huja ikiwa imechanganywa ndani ya petroli. Maana yake ni kwamba petroli ikipungua kwenye kabureta, oili nayo hupungua, na joto hupanda. Pistoni hutanuka, hukwaruza silinda, kisha hukwama.

Kabureta nyingi za misumeno hiyo zina skrubu tatu. Ya kwanza, yenye alama L, hutawala petroli injini inapozunguka polepole. Ya pili, yenye alama H, hutawala petroli injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Ya tatu, ambayo huandikwa T au LA, hutawala sailensa.

Ukizungusha L au H kwenda kulia unapunguza petroli, na ukizungusha kushoto unaongeza. Hapa ndipo mtego ulipo. Ukipunguza petroli kwenye H, msumeno hulia kwa sauti kali na huonekana umechangamka. Mteja aliyesimama dukani hufurahi, akalipa na kuondoka. Lakini injini ile inaungua, na huenda isimalize matangi machache ya mafuta.

Fundi mzuri hafuati ukali wa sauti. Kwanza husafisha filta ya hewa, hunoa mnyororo, huweka mafuta mapya na huacha injini ipate moto. Kisha huitafuta L mahali ambapo injini huzunguka kwa wepesi, akaifungua kidogo zaidi ili ipokee kasi bila kusita. Baada ya hapo hushusha sailensa hadi mnyororo usimame kabisa.

H huwekwa mwisho. Msumeno ukiwa hewani kwa kasi yote, usikike ukikwaruza kidogo kama wenye mafua. Ukigusa gogo, sauti hiyo inyooke. Ukibaki unakwaruza ndani ya gogo, petroli imezidi. Ukilia mwembamba kama filimbi hewani, petroli imepungua na uzimwe mara moja.

Mwenye kipimo cha mizunguko ana uhakika zaidi, kwa sababu kitabu cha mashine hutaja kasi ya juu isiyopaswa kuvukwa. Asiye nacho aangalie plagi baada ya kazi. Rangi ya kahawia ni dalili njema. Nyeupe inaonyesha joto limezidi, na nyeusi yenye unyevu inaonyesha mafuta yamezidi.

Baadhi ya misumeno mipya ya bei kubwa hujirekebisha yenyewe. Mingi inayonunuliwa na wenye mitaji midogo haina uwezo huo.

Pwani si sawa na nyanda za juu

Jambo linalosahaulika zaidi ni safari. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na hewa yake ni nzito. Njombe mjini iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa huo, ambako hewa inayoingia kwenye injini hupungua kwa takribani moja ya tano.

Msumeno uliorekebishwa Gerezani ukifika Njombe, petroli hubaki ileile lakini hewa imepungua. Moshi huongezeka, plagi huchafuka na nguvu hushuka. Mnunuzi huamini ameuziwa mashine mbovu, kumbe ilihitaji kupunguziwa petroli kidogo kwenye H. Hata baada ya kurekebishwa haitafikia nguvu zake za pwani, kwa kuwa injini ya aina hii hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko.

Hatari kubwa iko kwenye safari ya kurudi. Msumeno uliopunguziwa petroli huko Mufindi au Njombe, ukishushwa Dar es Salaam kuuzwa au kutengenezwa, hukutana na hewa nyingi na joto la pwani. Ukiwashwa na kukatishwa magogo bila kuongezewa petroli, pistoni inaweza kukwama siku hiyohiyo.

Kwa hiyo anayenunua msumeno uliotumika aulize ulikuwa unafanya kazi wapi. Na duka linalouza kwa mteja wa mkoani halitapoteza kitu likimwonyesha skrubu hizo na kumpa bisibisi inayozitosha.

Kufungua ekzosi na kutoa gasketi

Kuna marekebisho yanayopita kabureta. La kawaida ni kupanua matundu ya ekzosi ili moshi utoke kwa wepesi. Ni kweli kwamba nguvu inaweza kuongezeka, kwa kuwa injini hupumua vizuri zaidi. Lakini injini inayopumua zaidi huhitaji petroli zaidi. Anayepanua ekzosi na kuiacha H ilipokuwa, amejiandalia kununua silinda mpya.

Wengine huondoa pia wavu mdogo unaozuia cheche. Wavu ukiziba huhitaji kusafishwa. Kuutupa ni hatari, hasa kwenye misindano na majani makavu ya kiangazi, ambako cheche moja inaweza kuteketeza shamba la jirani.

Wapo pia wanaotoa gasketi iliyo chini ya silinda ili mgandamizo uongezeke. Kazi hiyo inataka vipimo. Nafasi kati ya pistoni na kichwa cha silinda isipopimwa, pistoni inaweza kugonga. Kwa msumeno wa kazi za kila siku, faida yake ni ndogo ukilinganisha na hatari yake.

Nguvu ya bei nafuu iko kwenye mnyororo

Kabla ya kugusa injini, mwenye msumeno atazame bapa na mnyororo. Misumeno mingi ya bei nafuu yenye namba 5800 huuzwa ikiwa na bapa refu. Wanunuzi huamini namba hiyo ni ujazo wa sentimita za ujazo 58, lakini silinda yenye kipenyo cha milimita 45.2 na mwendo wa pistoni wa milimita 34, vipimo vinavyopatikana kwenye mingi ya misumeno hiyo, hutoa chini kidogo ya 55.

Bapa refu huongeza mzigo kwa injini na kuipa pampu ya oili kazi kubwa. Kwa kupogoa na kukata miti ya kawaida, bapa la sentimita 40 kwenye msumeno wa aina hiyo, au sentimita 30 hadi 35 kwenye msumeno wa ujazo wa 30 hadi 40, hufanya mashine ionekane imeongezewa nguvu bila kugusa injini.

Mnyororo mkali ndio wenye faida zaidi. Mnyororo mwembamba wa misumeno midogo hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4, kwa pembe ya nyuzi 30 au kama alama ya jino inavyoonyesha. Meno ya kulia na kushoto yawe na urefu sawa, la sivyo msumeno hukata upande. Kile kipande kilicho mbele ya jino kiwe chini ya ncha yake kwa takribani milimita 0.65. Kikishushwa mno, msumeno huruka na kumrudia anayeushika.

Dalili ni rahisi. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti. Ukianza kutoa unga, ni wakati wa tupa, si wa bisibisi.

Vilevile, msumeno mdogo haukuumbwa kupasua mbao. Kupasua gogo kwa urefu huiweka injini kwenye mzigo mkubwa muda mrefu, na ndiyo maana wapasuaji wamezoea mashine kubwa kama Stihl 070, yenye ujazo unaozidi 100.

Hesabu ya oili

Oili ya injini za namna hii inayokubaliwa na kitabu cha mashine kwa kiwango cha 25 kwa moja huhitaji mililita 200 kwa lita tano za petroli. Tuseme oili inauzwa Sh10,000 kwa lita. Anayeweka mililita 100 badala ya 200 ameokoa Sh1,000.

Tuseme tena kwamba msumeno humwingizia Sh60,000 kwa siku. Pistoni ikikwama na akasubiri vipuri siku tatu, amepoteza Sh180,000 kabla hajalipa kipuri wala fundi. Angelazimika kuokoa oili kwa namna ile mara 180 ili kufidia hasara hiyo.

Oili zenye ubora wa juu huruhusu 50 kwa moja, yaani mililita 100 kwa lita tano, lakini kitabu cha mashine na kopo la oili vyote viseme hivyo. Kukisia kwa kifuniko cha chupa ya maji si kipimo.

Kwenye tangi la oili ya mnyororo, oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari iepukwe. Huwa na vumbi la chuma linalokwangua pampu na bapa. Oili safi ya kawaida ni nafuu kuliko bapa jipya.

Kabla ya kukata

Msumeno uliorekebishwa vizuri hauondoi wajibu wa kisheria. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inataka kibali kwa uvunaji katika misitu ya hifadhi, na maelekezo hupatikana kwenye ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kwa miti ya barabarani mjini, halmashauri iulizwe kwanza. Matawi yaliyogusa nyaya za umeme ni kazi ya Tanesco.

Kofia, miwani, viziba masikio na breki ya mnyororo inayofanya kazi navyo ni sehemu ya mtaji.

Mkulima au mfanyabiashara mdogo anayekwenda Kariakoo kununua msumeno ana maswali manne ya kumuuliza muuzaji: vipuri vyake vinapatikana, oili yake inachanganywa kwa kiwango gani, mnyororo wake unatumia tupa namba ngapi, na nani atarekebisha kabureta ukifika unakokwenda. Muuzaji akishindwa kuyajibu, duka la pili haliko mbali.