Mgonjwa akisogea, picha ya moyo hupotosha

MGONJWA wa moyo wa Kisumu akitumwa Nairobi kupigwa picha ya moyo kwa mionzi ya nyuklia, husafiri takriban kilomita 350. Hata hivyo, akisogea sentimita moja tu kitandani, picha yaweza kuonyesha ugonjwa asiokuwa nao.

Sababu ni kwamba picha hiyo haipigwi mara moja. Mgonjwa hudungwa dawa yenye tekinetiamu, itoayo mionzi, ambayo husafirishwa na damu hadi kwenye misuli ya moyo. Kisha kamera humzunguka nusu duara kwa takriban dakika 15, ikichukua picha 60 hivi ambazo kompyuta huziunganisha.

Mwili ukisogea, picha hizo hazilingani. Sehemu ya moyo huonekana kana kwamba haipati damu, na mgonjwa aweza kupelekwa kwenye uchunguzi mwingine ghali usiohitajika.

Ndiyo maana mtaalamu hupaswa kuzitazama zote zikipita kama filamu kabla ya mgonjwa kuondoka. Kompyuta huweza kurejesha mahali pake picha zilizopanda au kushuka, lakini mgonjwa akijigeuza ubavu, marekebisho hayo huenda yasitoshe. Hapo hupigwa upya, mara nyingi bila kudungwa tena, kwa kuwa nguvu ya tekinetiamu hupungua kwa nusu baada ya saa 6.

Mikono huinuliwa juu ya kichwa muda wote. Mwenye maumivu ya bega au mgongo na aseme mapema, asije akalazimika kuifunga safari hiyo mara ya pili.