Mwanafunzi Anayesoma Peke Yake

Katikati ya miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa katika kazi ya kuwanoa wasaidizi wa kufundisha kalkulasi. Jambo moja lilimkosesha raha. Wanafunzi Weusi, wengi wao wakiwa wametoka sekondari wakiongoza, walikuwa wakianguka katika somo hilo kwa wingi. Wenzao wenye asili ya China, waliofundishwa somo lile lile na kufanya mitihani ile ile, walikuwa wakifaulu vizuri. Treisman akawauliza wahadhiri na wasaidizi sababu, nao wakampa majibu manne. Hawana ari. Hawakuandaliwa vizuri sekondari. Familia zao haziwasukumi. Ni maskini.

Majibu hayo yanasikika mpaka leo, na si Marekani tu. Kaa na wahadhiri wa mwaka wa kwanza Dar es Salaam, Kampala au Eldoret wakati wa kusahihisha mitihani, utayasikia yote manne kabla chai haijapoa. Ndiyo maana alichofanya Treisman kinastahili kusimuliwa kwa kirefu. Hakuridhika na majibu ya watu wengine kuhusu wanafunzi hao. Alichagua 20 Weusi na 20 wenye asili ya China, akawafuata walikosomea na walikoishi, akaangalia wanavyosoma.

Dhana zote nne ziliporomoka. Ari ilikuwepo. Wapo wazazi waliokuwa wameamua kwamba mtoto wao atafika chuo kikuu kabla hata hajazaliwa. Hata baadhi ya waliokuja na alama za juu walishindwa. Tofauti ilikuwa katika jioni zao. Wanafunzi Weusi walifuata maelekezo ya chuo kwa uaminifu: saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasani, jumla kama saa nane kwa wiki, kila mtu na daftari lake chumbani kwake. Marafiki walikuwa wa mambo mengine, si wa masomo. Wale wenye asili ya China nao walisoma peke yao, kisha jioni wakakusanyika, wakapika, wakala pamoja na kupitia maswali. Walilinganisha majibu. Walisahihishana hata Kiingereza.

Hapa ndipo kwenye kiini cha sayansi ya kujifunza. Anayesoma peke yake akikwama kwenye swali hana njia ya kujua kama swali ni gumu au yeye ndiye mjinga. Katika kikundi jambo hilo linajulikana baada ya dakika tano: kumbe hata fulani, anayejibu kila siku darasani, amekwama pale pale. Upweke hugeuza ugumu wa somo kuwa aibu ya mtu. Na aibu ina gharama inayopimika. Sehemu ya akili tunayotumia kushikilia mambo kwa muda mfupi tunapokokotoa ni finyu mno. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wanasaikolojia, hubeba takriban vitu vinne kwa wakati mmoja. Mwanafunzi ambaye nafasi moja au mbili kati ya hizo zimeshikwa na hofu ya sapu (mtihani wa marudio), ya kudisko (kuachishwa masomo), au ya kumpigia mama simu kumweleza kwamba mkopo umesitishwa, anakokotoa kwa sehemu tu ya akili aliyonayo. Tukimwita mzembe, tumekosea ugonjwa na dawa.

Treisman na wenzake walianzisha warsha za kalkulasi, na ninachokiheshimu zaidi ni kwamba hawakuzifanya tuisheni ya walioshindwa. Zilikuwa za watu wanaotarajiwa kung'ara. Vikundi vidogo vilipewa maswali magumu kuliko ya darasani, yale ambayo mtu mmoja hawezi kuyamaliza bila kuuliza jirani. Weusi na Walatino walioshiriki waliwapita kwa mbali wenzao wa jamii zao ambao hawakushiriki, na wakawapita hata Wazungu na Waasia waliokuwa nao kwenye kozi. Treisman alichapisha simulizi ya kazi hiyo mwaka 1992.

Aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaijua sehemu ya hadithi hii bila kuambiwa na mtu wa Berkeley. Vile viti na meza za zege chini ya miti, vimbweta, ndipo mhadhara uliotolewa kwa Kiingereza unapovunjwavunjwa kwa Kiswahili mpaka ueleweke. Pale mwanafunzi anathubutu kusema, "Hiyo sijaielewa, rudia." Ndani ya ukumbi wenye watu mia kadhaa hasemi. Chuo kinapokea matunda ya vimbweta kila mwaka kwenye matokeo ya mitihani, lakini kwenye ratiba havimo. Vimeachwa kwa bahati: uwe na marafiki, uwe unaishi karibu, uwe na muda.

Na wasio na bahati hiyo ni wengi. Yuko anayepanda daladala mbili kurudi Mbagala, asiyeweza kubaki hadi usiku. Yuko msichana ambaye kwake kutembea gizani kutoka diskasheni ni hatari. Yuko mama wa mtoto mchanga. Yuko kiziwi ambaye hata akikaa kwenye kimbweta, maneno ya watu sita wanaodakizana yanampita, na asiyeona anayesikia wenzake wakisema "angalia hapa" juu ya mchoro ambao hakuna aliyejisumbua kumweleza. Kundi linalojiunda lenyewe huwakusanya wanaofanana na kuwaacha wengine nje bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Kwa hiyo kazi ya kuunda vikundi ni ya mwalimu: apange majina, awape muda ndani ya kipindi, atoe swali kwa maandishi na kwa sauti, akataze kudakizana. Ramani ya kozi na maelezo yakitumwa mapema, mkalimani wa lugha ya alama hujiandaa, anayetumia nukta nundu huandaliwa nakala, na anayehangaika na Kiingereza hupata siku mbili za kamusi. Kitu kimoja kimewasaidia watatu.

Wako wanaosema haya yanapunguza viwango. Ushahidi unawapinga. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za kozi za sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni. Palipokuwa na mhadhara mtupu, wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8. Wanafunzi walipofanya kazi wenyewe darasani, kwa maswali na majadiliano, ulishuka hadi 21.8. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Elli Theobald lilionyesha kwamba ufundishaji huo ulipunguza pengo la alama za mitihani kati ya wanafunzi wa makundi yaliyobaguliwa au maskini na wenzao kwa theluthi moja.

Kwa wanaolemewa na hofu na aibu ile, ofisi za ushauri nasaha zinahitajika, tena kwa haraka. Utafiti uliotolewa mwaka 2018, uliohusisha karibu wanafunzi 14,000 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi nane, ikiwemo Afrika Kusini, ulikuta kama theluthi moja wana dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili, kama vile sonona au wasiwasi uliopitiliza. Kwa idadi hiyo, hakuna chuo kitakachoajiri washauri wa kutosha. Na wengi wanaoumia hawagongi mlango wa mshauri kamwe. Darasani, angalau, wanapita.

Tatizo la kweli la kufundisha kwa vikundi liko kwenye nguvu kazi. Katika uchambuzi wa Theobald, pengo lilipungua pale tu ambapo kazi ya wanafunzi ilichukua sehemu kubwa ya kipindi. Kuchomeka swali moja katikati ya mhadhara hakukutosha. Mhadhiri mwenye ukumbi wa watu 600 hawezi kuvizungukia vikundi 100 peke yake. Lakini wasaidizi wanaweza kutoka miongoni mwa wanafunzi. Nchini Kenya, mradi wa Shamiri ulitumia vijana waliotoka sekondari karibuni, waliofunzwa kwa muda mfupi, kuongoza vikundi vya wadogo zao mara nne, saa moja kila mara. Katika jaribio lililohusisha vijana 413, lililochapishwa mwaka 2021, sonona na wasiwasi vilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vyuo vyetu vimejaa wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokwishavuka kozi ngumu za mwaka wa kwanza na wanaokumbuka bado zilivyowaumiza. Wapewe mafunzo ya wiki moja, posho, na vikundi vitano kila mmoja.