Shahada ya Lishe: Mkopo, Mshahara na Mgonjwa Anayesubiri Ushauri

Mgonjwa wa kisukari anapotoka katika chumba cha daktari, mara nyingi huwa na dawa mkononi na agizo moja la kwenda nalo nyumbani: apunguze wanga. Agizo hilo ni sahihi, lakini halimwelezi ale ugali kiasi gani, kama dona ni bora kuliko sembe, wala afanye nini siku ambayo chakula kilichopo ni mihogo mitupu. Kujibu maswali hayo ni kazi ya mtaalamu wa lishe. Asipokuwapo, kazi humwangukia muuguzi ambaye tayari ana foleni ndefu ya kuhudumia.

Pengo hilo halianzii wodini. Huanzia nyumbani kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita, pale wazazi wanapouliza iwapo shahada ya lishe itamwezesha kuishi na kulipa deni lake.

Swali hilo ni la haki, na lina majibu ya hesabu. Wanafunzi wengi wa Tanzania husoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Awali makato yalikuwa asilimia 8. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilikuwa ikiongeza deni mwaka hadi mwaka.

Na tuchukue mfano wa kukadiria. Mhitimu wa kozi ya miaka mitatu anadaiwa shilingi 9,000,000, naye ameajiriwa serikalini kwa mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000. Mkopo unakata 150,000. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 50,000, na bima ya afya asilimia 3, yaani 30,000. Kodi ya mapato ni 115,500. Kinachobaki mkononi ni shilingi 654,500, na deni linakwisha baada ya miezi 60.

Mwenzake mwenye deni kama hilo amepata kazi katika taasisi binafsi kwa shilingi 500,000. Mkopo unakata 75,000, mfuko wa hifadhi ya jamii 50,000 na kodi 14,400. Anabaki na shilingi 360,600, kabla ya kodi ya nyumba na nauli, na atalipa deni kwa miezi 120. Wote wawili wamesoma vitabu vilevile; kilichowatofautisha ni mwajiri.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kupima. Kijana anayetafuta habari za taaluma hii mtandaoni hukutana na hofu za Marekani, ambako tangu tarehe 1 Januari 2024 anayetaka kufanya mtihani wa usajili wa taaluma hiyo lazima awe na shahada ya uzamili. Huko miaka ya masomo imeongezeka, na mikopo kwa kawaida huzaa riba. Tanzania hali ni tofauti: makato hufuata mshahara, na deni halikui tena kwa tozo ile ya asilimia 6. Kwa hiyo ukubwa wa mkopo si hatari ya kwanza. Hatari ya kwanza ni muda wa kukaa bila ajira baada ya kuhitimu, kwa kuwa miaka hiyo haina mshahara, haina akiba, na deni linabaki palepale likimngoja.

Nafasi za kazi nazo zina sura yake. Maofisa lishe wa halmashauri hufanya zaidi kazi ya kinga: unyonyeshaji, chakula cha shuleni, udumavu. Kazi hiyo ina uzito, kwa maana udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, na safari bado ni ndefu. Lakini hospitali inayohitaji makumi ya wauguzi inaweza kupanga nafasi moja tu ya mtaalamu wa lishe, ama isipange kabisa. Mlango ukiwa mwembamba hivyo, hata mwanafunzi bora huweza kusubiri.

Kwa familia inayopima uamuzi huu, maswali matatu yanafaa kuulizwa chuoni kabla ya kujaza fomu. Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi, na walisubiri muda gani? Je, kozi inampa mwanafunzi mazoezi ya kutosha wodini na kliniki, au ya mashambani na vijijini pekee? Na mkopo utagharimia nini hasa, ada yote au sehemu tu? Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini mlipaji kwanza hana budi kuwa na kipato.

Viongozi wa hospitali nao wana hesabu yao. Mgonjwa wa figo asiyejua chakula kipi kina potasiamu nyingi anaweza kurudi akiwa mahututi. Mwenye shinikizo la damu anayeongeza chumvi mezani huongezewa dawa, wakati pengine alihitaji nusu saa ya mazungumzo kuhusu mboga na mchuzi wake. Nafasi ya mtaalamu wa lishe inapoachwa wazi, gharama yake haitoweki: mhitimu huilipa nyumbani akisubiri ajira, na mgonjwa huilipa kliniki kila anaporudi.