Tujaribu Kwanza, Ndipo Tuhamie Toleo Jipya



Taarifa za visima, madarasa na vikundi vya akina mama zikishaingizwa kwenye kompyuta, kazi huwa haijaisha. Baada ya miaka kadhaa kamati itauliza: kisima kile kilichimbwa lini, na pampu ilikabidhiwa kwa nani? Jibu lipo, lakini limo ndani ya maelfu ya kurasa. Kinacholifikisha mezani ni programu ya kutafuta. Siku moja fundi ataleta ombi la fedha za kuhamia toleo jipya la programu hiyo. Makala hii inaeleza kwa nini ombi hilo linapaswa kuwa na siku za majaribio ndani yake.

Programu ya kutafuta hufanya nini?

Programu hii haisomi nyaraka zote kila unapouliza. Hutengeneza mapema faharasa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu, inayoonyesha kila neno liko wapi. Programu nyingi za aina hii, zikiwemo Solr na Elasticsearch, zimejengwa juu ya Lucene, iliyoanzishwa na Doug Cutting wa Marekani mwaka 1999.

Faharasa ikiharibika, nyaraka zenyewe zaweza kuwa salama lakini hazipatikani. Karani ataandika neno, ataambiwa hakuna kitu, naye ataamini. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Kamati yaweza kumjibu mfadhili kwamba kumbukumbu hazipo, kumbe zipo.

Toleo la majaribio ni nini?

Kabla ya kutoa toleo kamili, waundaji wa programu hutoa toleo la majaribio ili watu walitumie na kueleza kasoro walizoziona. Wakulima wa pamba wa Simiyu wanauelewa utaratibu huu. Mbegu mpya kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru hupandwa kwanza katika vishamba vya majaribio kabla ya kugawiwa kwa wakulima wote.

Funzo la Julai 2011

Lucene huendeshwa juu ya programu nyingine iitwayo Java. Toleo la 7 la Java lilitolewa na kampuni ya Oracle tarehe 28 Julai 2011. Siku hiyohiyo waundaji wa Lucene walitangaza onyo: msilitumie, kwani lina kasoro zinazoweza kuizima programu ya kutafuta au kuharibu faharasa. Kasoro hizo ziligunduliwa siku 5 tu kabla ya toleo kutoka, na muda wa kuzirekebisha haukutosha. Marekebisho yalipatikana Oktoba mwaka huo.

Toleo la majaribio la Java hiyo lilikuwa wazi kwa umma kwa miezi kadhaa. Majaribio yalifanyika, ila yalichelewa. Ofisi iliyokuwa na desturi ya kujaribu pembeni na kusubiri haikupata hasara. Iliyokimbilia upya ilijiweka hatarini.

Tujaribu kwa maneno yetu

Wataalamu wa ng'ambo hujaribu zaidi kwa lugha zao. Kiingereza hubadilisha mwisho wa neno, na programu nyingi zimefundishwa kukata mwisho huo. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Hivyo jaribio letu lazima tulifanye wenyewe, kwa hatua hizi:

1. Nakili nyaraka zote kwenye kompyuta nyingine, hata iliyokwisha tumika. Weka toleo la majaribio huko, na uiache ya ofisi kama ilivyo.

2. Andaa orodha ya maswali ambayo majibu yake unayajua. Tafuta "kisima", kisha "visima". "Mwalimu", kisha "walimu". Andika ni nyaraka ngapi zimepatikana katika toleo la zamani na katika jipya.

3. Tafuta "ng'ombe". Kompyuta nyingine huandika alama ya ritifaa ikiwa imenyooka, nyingine ikiwa imepinda, na programu yaweza kuyahesabu kuwa maneno mawili tofauti. Katika mkoa wa wafugaji hilo si jambo dogo.

4. Tafuta majina ya mahali. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Anayetafuta "Simiyu" peke yake atakosa taarifa za zamani zilizoandikwa "Shinyanga". Hakikisha toleo jipya linazipata kwa jina la wilaya.

5. Zima umeme wa kompyuta ya majaribio ghafla, kama ukatikavyo kawaida, kisha angalia kama faharasa imebaki nzima.

6. Ukiona kasoro, waandikie waundaji. Lucene na Solr hutolewa bure, na hupokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote. Tusipowaambia shida ya Kiswahili, huenda wasiijue.

Kwa nini tusibadilishe tu, kisha turudi nyuma?

Kwa sababu njia ya kurudi huenda isiwepo. Faharasa iliyoandikwa na toleo jipya la Lucene haisomeki na toleo la zamani. Asiyekuwa na nakala ya akiba atalazimika kutengeneza faharasa upya kutoka kwenye nyaraka zote, na kama baadhi ya nyaraka hazipo tena, nazo zitakuwa zimepotea.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupitisha fedha

Wajumbe wa kamati si lazima wawe mafundi. Waulize tu: Nakala ya akiba iko wapi, na nani amejaribu kuifungua? Maswali ya majaribio yaliandikwa na nani? Toleo jipya lilishindwa wapi? Fundi akijibu kwamba halikushindwa popote, mwombeni aonyeshe orodha.

Kwa wafadhili wetu: kompyuta moja ya pembeni na siku chache za karani huonekana kama gharama isiyozaa kitu. Lakini kumbukumbu hizo ndizo ushahidi wa michango yenu, na ndizo zitakazomwonyesha fundi wa pampu kilichofanyika kabla yake. Haraka haraka haina baraka.