Kisukari na Mishipa ya Damu: Mguu Usiouma Si Lazima Uwe Mzima

Wagonjwa wengi wa kisukari wafikapo kliniki huuliza jambo moja: "Daktari, sukari yangu leo ni ngapi?" Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi. Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huharibu mishipa ya damu, na ni kupitia mishipa hiyo ndipo hutokea madhara mengi makubwa ya ugonjwa huu: upofu, kushindwa kwa figo, kiharusi, mshtuko wa moyo na kukatwa mguu. Makala haya yanaufuatilia uharibifu huo hadi mguuni, kwa kuwa huko mgonjwa mwenyewe anaweza kuona dalili zake mapema.

Ndani ya kila mshipa wa damu mna utando wenye unene wa seli moja tu. Utando huo hutengeneza gesi iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo hulegeza misuli ya ukuta wa mshipa ili upanuke kiungo kinapohitaji damu zaidi, na huzuia chembe za kugandisha damu zisishikamane ovyo. Mwaka 1998 wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa ugunduzi wao kuhusu kazi ya gesi hiyo katika mishipa.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, oksidi ya nitriki hupungua, na mshipa hupanuka kwa shida. Sukari hunata pia kwenye protini za ukuta na kuukakamaza, huku lehemu ikipenya chini ya utando na kujenga tabaka linaloziba njia ya damu. Kwa wagonjwa wa kisukari, kuziba huko hutokea zaidi katika ateri za chini ya goti. Wakati huohuo, kuta za mishipa midogo kabisa inayolisha macho, figo na mishipa ya fahamu huharibika.

Kwa kawaida, mtu ambaye ateri za miguu yake zimeziba huonywa na maumivu: akitembea, shavu la mguu humuuma, akipumzika, hutulia. Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa yake ya fahamu imekwisha kuathirika huenda asilipate onyo hilo. Watafiti wa Dar es Salaam wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala. Mguu wenye ganzi hautoi taarifa, na mguu wenye damu haba hauponi. Hata antibiotiki anayomeza mgonjwa husafirishwa na damu. Damu isipofika, nayo dawa haifiki. Hivyo ndivyo lengelenge la kiatu linavyoweza kuwa donda ndugu.

Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji mwenye kisukari, miguu yako ikaguliwe kliniki angalau mara moja kwa mwaka hata kama haikuumi. Mhudumu atapapasa mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo, na atapima hisia kwa uzi maalumu wa nailoni. Anaweza pia kulinganisha shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Uwiano ulio chini ya 0.9 huashiria ateri zilizoziba. Hata hivyo, ateri zilizokakamaa huweza kutoa kipimo cha juu kisicho cha kweli, ndiyo maana wakati mwingine hupimwa shinikizo la kidole gumba cha mguu.

Nyumbani, kagua miguu yako kila jioni, pamoja na nyayo na katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, tumia kioo au mwombe jamaa akusaidie. Pima joto la maji kwa kiwiko kabla ya kutumbukiza mguu. Usitembee pekupeku, kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, wala usikate sugu kwa wembe. Ukiona kidonda, weusi au uvimbe, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Utafiti mkubwa wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari hupunguza madhara ya mishipa midogo, na kwamba kudhibiti shinikizo la damu hupunguza pia kiharusi. Tumbaku nayo, kwa namna yoyote ya kuvuta, huongeza kasi ya kuziba kwa ateri. Basi, siku ya kliniki ijayo, ukishauliza sukari yako ni ngapi, uliza pia shinikizo la damu na lehemu, kisha vua viatu kabla hujaambiwa.